Tahadhari: vyuma vya kuvutia tela vyenye namba za uongo

Ndugu zangu mnaofanya kazi na vani na kuvuta tela zenye mzigo mzito, someni hili kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna muuzaji wa mtandaoni, na sidhani kama yuko peke yake, anayeuza chuma cha kuvutia tela kwa tangazo la herufi kubwa: "Kinavuta kilo 3,500, kinafaa vani zote." Madai yote mawili ni ya uongo. Na hapa hatuzungumzii hasara ya pesa tu. Chuma hiki kikiachia njiani, tela la tani mbili litakwenda lenyewe mpaka ligonge kitu, au mtu.

Kwenye picha za tangazo kuna kibati cha chuma kilichopigwa ribiti, maandishi yamegongwa vizuri. Kilichofika kwangu kina stika ya plastiki ambayo unaibandua kwa ukucha. Juu yake imeandikwa 3,500 kwa wino mzito, na chini kabisa, kwa maandishi madogo: D 11.8 kN (kN ni kilonyutoni, kipimo cha nguvu). Hiyo D ndiyo iliyomuumbua, na ndiyo ninayotaka kila mmoja wenu ajue kuisoma.

D ni kipimo cha nguvu ambayo kiungio, yaani chuma hiki cha kuvutia tela, kinaweza kuhimili kati ya gari na tela. Hesabu yake ni hii: chukua uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari, kwa tani, uzidishe kwa uzito wa juu wa tela. Gawanya jibu kwa jumla ya uzito huo wa viwili. Kisha zidisha kwa 9.81. Vani ya tani 3.5 na tela la tani 3.5 vinahitaji D ya karibu 17.2. Vani hiyo hiyo na tela la tani 2 vinahitaji karibu 12.5. Sasa rudi kwenye stika yangu: D ya 11.8 kwa vani ya tani 3.5 inaishia kwenye tela la takriban kilo 1,830. Yaani hata tukiiamini stika yenyewe, tangazo limeongeza zaidi ya tani moja na nusu ambayo chuma hakina. Na stika yenyewe sina sababu ya kuiamini.

Nilipomwuliza, alinitumia cheti. Nilikisoma mstari kwa mstari. Namba ya idhini iliyomo haifanani na iliyo kwenye stika, na magari yaliyotajwa ni ya aina nyingine kabisa. Nilipomwonyesha hilo akanifungia, sikuweza tena kumwandikia.

Kiungio halali kilichoidhinishwa kwa Kanuni namba 55 ya Umoja wa Mataifa kina alama ya herufi E na namba ndani ya duara, na namba ya idhini inayotaja 55R. Utaona pia D kwa kilonyutoni na S kwa kilo (S nitaieleza chini). Vile vya kichwa cha mviringo cha milimita 50, kile tela linachokalia, mara nyingi huandikwa daraja A50-X. Ukiambiwa "kina alama ya CE, usiwe na wasiwasi", basi anza kuwa na wasiwasi, kwa sababu CE siyo idhini ya viungio vya tela. Na hakuna chuma kimoja kinachofaa vani zote. Kila kimoja hutengenezwa kwa gari fulani, kikifungwa kwenye matundu ambayo mtengenezaji wa gari ameyaweka kwenye chasisi. Changu hakikulingana na tundu hata moja, na muuzaji alishasema mapema fundi "atoboe kidogo au achomelee". Msikubali. Chuma kigumu cha chasisi kikipata joto la kuchomelea hupoteza nguvu pale pale pembeni ya weldi, na ufa unaweza kuanzia hapo bila wewe kuuona.

Bolti alizoleta hazina alama yoyote kichwani. Bolti za kazi hii huwa na daraja la uimara, 8.8 au 10.9, lililogongwa juu. Kichwa kitupu maana yake hujui umefunga nini.

Uongo unaoniumiza zaidi ni ule anaourudia kwenye kila jibu: kwamba ukifunga chuma chake, "uwezo wa gari unaongezeka". Hauongezeki hata kilo moja. Uwezo wa kuvuta umeamuliwa na breki, injini, gia, kipozaji na ekseli za gari, na kikomo kimeandikwa kwenye kibati cha gari lenyewe. Kwenye vani nyingi utakuta mistari minne ya uzito: wa kwanza ni gari likiwa limejaa, wa pili ni gari pamoja na tela, wa tatu na wa nne ni ekseli ya mbele na ya nyuma. Tuseme wa kwanza ni 3,500 na wa pili ni 5,500. Ukishaijaza vani mpaka mwisho, tela limebakiziwa kilo 2,000, hata kama chuma nyuma ni cha tani kumi. Mstari wa pili ukiwa mtupu, gari hilo halikuidhinishwa kuvuta kabisa.

Halafu kuna ile S, ambayo wengi wanairuka. Ni uzito ambao pua ya tela, yaani ncha yake ya mbele, inaruhusiwa kuukandamizia kichwa cha kiungio. Uzito huo unahesabika kama mzigo wa vani. Na kwa kuwa kichwa kiko nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo hubeba zaidi ya uzito wenyewe huku mbele kukipungua. Vani inayovutwa na magurudumu ya mbele hapo hupoteza mshiko na usukani unakuwa mwepesi. Pua ikiwa nyepesi mno nayo ni hatari, maana tela linaanza kuyumba kwa mwendo kasi.

Waya alizoweka kwenye boksi ni za kuunganishwa moja kwa moja kwenye waya za taa za nyuma. Kwenye vani za siku hizi, gari halitatambua kwamba kuna tela, kwa hiyo mfumo wa kutuliza tela linapoyumba hautafanya kazi.

Kabla ya kulipa, dai picha ya kibati cha chuma kile kile utakachotumiwa, pamoja na cheti, na linganisha namba moja moja. Akikataa, acha. Kama umeshanunua kwake, usivute kitu kwanza. Piga picha za stika, bolti na boksi, hifadhi mazungumzo, na udai fedha kupitia njia uliyolipia. Kama kimeshafungwa, peleka gari kwa fundi anayejua chasisi aangalie matundu yaliyotobolewa na sehemu zilizochomelewa. Chuma chenyewe usimuuzie mtu wala kumpa bure. Ukimaliza madai yako, kikate vipande viwili ndipo ukipeleke kwenye vyuma chakavu.