Lushoto kwa familia yenye watoto wadogo

Kwa mzazi anayetafuta mji mdogo wa kulelea watoto, Lushoto, ulioko katika Milima ya Usambara mkoani Tanga, ninaupendekeza kwa moyo wote, ingawa si bila masharti. Kwa kuwa uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, hewa yake ni ya ubaridi na malaria si tishio kubwa kama ilivyo kule tambarare, jambo ambalo mwenye mtoto mchanga hulithamini kuliko mandhari yoyote. Kabichi, karoti, viazi na, msimu ukifika, matunda ya plamu na peasi huingia sokoni yakitoka mashamba ya jirani.

Kinachonitia wasiwasi ni barabara ya lami inayopanda kutoka Mombo, yenye kilomita 33 hivi na kona kali, kwani mvua kubwa huweza kuporomosha udongo na kuifunga, ilhali mgonjwa anayehitaji daktari bingwa huenda akalazimika kupelekwa Tanga au Moshi. Anayefikiria kuhamia apange chumba kwanza mwezi Julai, baridi ikiwa imekaza, kisha atafute nyumba iliyo karibu na shule, maana vilima humchosha sana mtoto wa chekechea.