Uzoefu wangu na abi3 ya Python: faili moja la moduli, kompyuta za Kibaigwa mpaka Manyoni

Wakuu habari za kazi. Hii kitu inaitwa abi3 ya Python, yaani namna ya kukompaili moduli ya C mara moja ikafunguka kwenye vesheni nyingi za Python 3, nimeitumia muda sasa kwenye kazi za wateja wanaolipa, na naona watu wengi tunaoandika Python huku Dodoma hatuigusi kabisa, tunakompaili moduli upya kila vesheni ikitoka kama vile hakuna njia nyingine. Njia ipo, na ni ya zamani tu.

Kwanza mjue kazi yangu ili mnielewe. Natengeneza programu za mizani kwa watu wa mahindi na alizeti, maghala pamoja na mashine za kukamua mafuta, wengi wako Kibaigwa, wengine Mpwapwa na Kondoa, halafu upande wa Manyoni na Singida. Mzani wa dijitali unatema uzito kupitia poti ya siriali, na maktaba inayokuja na mzani imeandikwa kwa C, sasa katikati pale lazima kuwe na moduli ya C inayopokea zile baiti, inasubiri uzito utulie maana gunia likishawekwa namba inachezacheza kwanza, halafu ndo inaikabidhi Python. Programu yote iliyobaki, risiti, ripoti, madeni ya wakulima, ni Python tupu, haina shida popote. Shida ni kile kipande kidogo cha C.

Kila kompyuta ina Python yake. Kuna ghala lina mashine ya Windows 7 ambayo mwenyewe hataki kusikia habari ya kuibadilisha, hiyo mwisho wake ni Python 3.8 kwa sababu 3.9 haiingii Windows 7. Nyingine zina 3.10, laptopu mpya mtu ameinstoo yoyote aliyoikuta, 3.12, 3.13. Na toka 3.9 Python inatoka mpya kila mwaka mwezi wa kumi, ndo ratiba yao. Moduli ya kawaida uliyoikompaili kwa 3.10 jina lake linabeba cp310, na ukiipeleka kwenye 3.12 haifunguki. Kama paketi haina faili la .whl (paketi iliyokompailiwa tayari) la vesheni hiyo, pip, ile programu ya kuinstoo paketi za Python, inaanza kujaribu kukompaili kutoka kwenye kodi, inakuta hakuna kompaila ya C, inakwambia uweke Microsoft Visual C++ 14.0 au zaidi, na huo mzigo ni magiga. Hebu fikiria unamwelekeza kwa simu kijana wa ghala Manyoni, anatumia bando la simu yake mwenyewe, adaunlodi magiga ya kompaila ili apime gunia la alizeti. Haiwezekani na wala sio haki.

Kwa nini inakuwa hivyo? Moduli ya kawaida inatumia makro nyingi za Python ambazo wakati wa kukompaili zinageuka kuwa maelekezo ya kwenda moja kwa moja kwenye memori, baiti ya ngapi kuna nini. Ni sawa na jirani aliyezoea kuingia jikoni kwako na kujichotea chumvi bila kuuliza, siku ukipanga makopo upya anatia sukari kwenye mboga. Watu wa Python wanapanga upya makopo karibu kila vesheni, na wana sababu nzuri, ndo maana 3.11 iliongezeka spidi vile. abi3 inamtaka jirani apige hodi: moduli inaita fanksheni tu, na maumbo ya ndani haiyaoni. Fanksheni hizo Python imeahidi haziondoki kwenye mfululizo wote wa Python 3. Wazo lilipendekezwa na Martin von Löwis mwaka 2009 kwenye PEP 384 (PEP ni waraka wa pendekezo la kuboresha Python), likaingia Python 3.2 mwaka 2011. Kwa hiyo sio kitu cha majaribio.

Kuitumia: kwenye kodi ya C unaweka Py_LIMITED_API pamoja na vesheni ya chini kabisa unayotaka, mimi nimeweka 0x03080000 kwa ajili ya ile Windows 7, halafu kwenye setuptools, kifaa cha kutengenezea paketi, unaweka py_limited_api iwe True kwenye Extension, na kwenye bdist_wheel, amri yake inayotoa .whl, unaiambia cp38. Linatoka faili lenye cp38-abi3 kwenye jina. Hilo moja linaingia 3.8, 3.9, 3.10 mpaka 3.13 bila kuguswa. Kwa Windows siri yake ni kwamba moduli inashikana na python3.dll badala ya python310.dll au python312.dll, na ile python3.dll inakuja na kila Python 3.

Matokeo yake kwenye kazi nimeyapenda sana. Sasa hivi natuma faili moja kwa WhatsApp, halifiki hata MB moja, na siulizi tena una Python gani. Laptopu ya ghala ikibadilishwa msimu wa mavuno ukiwa umechanganya, mtu anaweka Python iliyopo, anaweka lile lile faili, mzani unasoma. Zamani ilikuwa lazima nibaki na faili la kila vesheni, na kila mwezi wa kumi mteja mmoja lazima apige simu kwamba ameapdeti na mzani umekufa. Nikaona jambo lingine: 3.12 ilibadilisha namna ya kuhesabu marejeo (idadi ya sehemu zinazokitumia kitu) ya vitu kama None, wakavifanya visife kabisa, hilo ni badiliko la ndani kabisa kabisa, na moduli yangu iliyokompailiwa kabla ya hapo ikaendelea kama kawaida. Hapo ndo niliiamini.

Utaona tofauti hata ukikusanya paketi za wengine kwenye flashi kwa pip download. Paketi ya cryptography, ambayo natumia kusaini risiti, wao wanatoa faili za abi3, kwa hiyo moja kwa Windows ya 64 linanitosha kwa vesheni nyingi. numpy wanatoa faili la kila vesheni ya Python, na kila moja linapita MB 10. Siwalaumu numpy, wao wanahitaji kuingia ndani ya memori ili wawe na spidi, na hata wenyewe walipotoa 2.0 mwaka 2024 moduli zilizokompailiwa kwa numpy 1 ilibidi zikompailiwe upya. Ni aina tofauti ya kazi.

Sasa pale inapobana. Aina za vitu huwezi kuzitangaza kwa struct ya moja kwa moja kama mafunzo mengi ya zamani yanavyoonyesha, unatumia PyType_FromSpec, na kodi ya zamani yenye aina nyingi utaiandika upya, jipange. Tena kuanzia 3.8 kitu cha aina hiyo kinashikilia marejeo ya aina yake, kwa hiyo kwenye dealloc, fanksheni inayofuta kitu, lazima uiachie kwa Py_DECREF, la sivyo memori inavuja polepole, na programu ya ghala inakaa imewashwa kutwa nzima. Spidi nayo inapungua kidogo: badala ya makro kama PyList_GET_ITEM unaita fanksheni yenye ukaguzi. Kwa mzani unaotuma namba chache kwa sekunde sijaona tofauti yoyote, ila kama unazungusha mamilioni ya namba ndani ya C kwa vitu vya Python, pima kwanza. Na bafa, yaani njia ya kusoma memori ya kitu moja kwa moja bila kunakili, ndo iliyonikera zaidi, zimeingia abi3 kuanzia 3.11 tu, kwa hiyo kwa sababu ya mashine moja ya Windows 7 moduli yote inatumia bytes za kawaida, na kunakili ni lazima. Nimekubali, yule mzee mwenye ghala ni mteja wangu kama wengine.

Halafu msidhani kuandika abi3 kwenye jina kunatosha. Lile jina ni tamko lako tu, pip hailikagui. Kuna kifaa kinaitwa abi3audit kinasoma faili lenyewe na kukuonyesha kama umeita fanksheni iliyo nje ya ahadi, mimi kila toleo nalipitisha hapo kisha nalijaribu kwenye vesheni ya chini kabisa na ya juu kabisa nilizonazo. Jaribuni kweli, maana fanksheni inaweza kuwepo kwenye vesheni zote lakini 3.8 ikakataa thamani ambayo 3.12 inaikubali.

Na haivuki kila ukuta. Windows ya biti 32 inataka faili lake, Linux lake, kwa Linux bado kuna habari ya glibc, maktaba ya msingi ya C ya mfumo, na zile tagi za manylinux zinazosema faili linaingia Linux zipi. Pia ile Python isiyo na GIL (kufuli inayoruhusu thredi moja tu kuendesha Python kwa wakati) iliyoanza na 3.13, yenye herufi t kwenye tagi, haipokei faili za abi3 hizi. Wateja wangu hawaihitaji, kwa hiyo nawawekea ile ya kawaida.

Kwa moduli ndogo inayounganisha Python na kifaa, mzani, printa ya risiti, kisoma kadi, naipa nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu niliyokata ni ya bafa. Kwa maktaba ya hesabu nzito nisingeichagua. Na kama unaandika kwa lugha ya Rust, PyO3, maktaba inayounganisha Rust na Python, wana chaguo la abi3-py38 na ndugu zake, unaliwasha kwenye Cargo.toml, faili la mipangilio ya mradi, na kazi kubwa ya PyType inafanyika yenyewe, kwa anayeanza mradi mpya leo ningemwambia aangalie huko kwanza kabla ya C.