Nyumba ya Makumbusho ya Greenbelt: ndogo, lakini inajieleza

Mgeni wa Washington mwenye nusu siku ya ziada ningemshauri aende Greenbelt, Maryland, mji mdogo wa pembezoni ambao serikali ya Marekani iliufungua mwaka 1937 ukiwa na nyumba 885, kisha mwaka 1941, vita vikinukia, ikauongezea nyumba 1,000 za mbao kwa familia za wafanyakazi wa ulinzi.

Nyumba yenyewe ya makumbusho imeungana na nyingine. Kilichonishika zaidi ni samani, kwa kuwa zilibuniwa mahususi kwa vyumba hivi vidogo na wapangaji wakauziwa kwa malipo ya awamu; ukikitazama kiti kwa karibu, huoni urembo wowote uliowekwa bure. Jikoni tulikuwa wanne, na mmoja wetu ilimbidi asubiri mlangoni.

Baadaye, zitembeleeni kwa miguu nyumba za mbao za wakati wa vita, mkipita njia zinazopenya chini ya barabara ili watoto wasikutane na magari. Wakazi wake wengi ni wanachama wa ushirika ulionunua nyumba hizo kutoka serikalini mwaka 1952. Hata hivyo, sifa za mpango huu zisifunike ukweli kwamba Weusi walishiriki kuujenga mji, ilhali hapo mwanzo waliopangishwa walikuwa Wazungu pekee.

Ulizeni siku za kufunguliwa kabla ya kuondoka.