Forodhani jioni: bustani iliyotengenezwa bila kurudishwa mwaka mmoja

Mwezi uliopita nilikwenda Forodhani, bustani ya ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, jioni tatu mfululizo. Safari hii sikufuata mishkaki peke yake, bali nilitaka kuitazama bustani yenyewe, kwa kuwa ni miongoni mwa bustani chache za kihistoria katika mwambao wetu zilizokarabatiwa kwa mpango kamili. Kazi hiyo ilisimamiwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan kuanzia mwaka 2008, na bustani ikafunguliwa tena Julai 2009. Muda uliopita tangu hapo unatosha kuupima uamuzi wao, kwa sababu bustani haihukumiwi siku ya uzinduzi.

Mkarabati wa zamani angeanza kwa kuuliza: turudi mwaka gani? Hivyo ndivyo ilivyofanyika kwenye kasri la Hampton Court, Uingereza, ambako Bustani ya Faragha ya mfalme ilifunguliwa upya mwaka 1995 baada ya wataalamu kufukua udongo kutafuta alama za matuta ya awali, kung'oa miti iliyokuwa imezidi kimo na kupanda kila kitu kama kilivyokuwa mwaka 1702, enzi za William III. Ni kazi ya ustadi usio na shaka, lakini yale yote yaliyoota na kupendwa katika karne zilizofuata yalilazimika kupisha. Hati ya Florence, mwongozo wa kuhifadhi bustani za kihistoria uliopitishwa mwaka 1982 na ICOMOS, shirika la kimataifa la wataalamu wa majengo na maeneo ya kihistoria, ilikuwa imekwisha kuiita bustani kumbukumbu iliyo hai, na kutaka kwamba, isipokuwa kwa sababu za kipekee, kipindi kimoja kisipewe cheo juu ya vingine.

Swali hilo la mwaka lingeuliziwa Forodhani lingekosa jibu. Jina lenyewe linatukumbusha forodha, mahali bidhaa zilipotozwa ushuru zikiingia na kutoka Unguja. Shughuli za bandari zilipohamia Malindi, eneo hili la mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jumba la zamani la masultani, likafanywa bustani katika miaka ya 1930, likaitwa Jubilee Gardens kwa heshima ya yubilei ya Sultani Khalifa bin Haroub. Baadaye likaja soko la vyakula la usiku, ambalo hakuna mchoro wa kifalme uliowahi kulipangia nafasi, na ambalo leo ndilo watu wengi hulikusudia wanaposema wanakwenda Forodhani. Kuirudisha bustani kwenye miaka hiyo ya 1930 kungemaanisha kuwafukuza wauza urojo.

Waliokarabati hawakufanya hivyo, na hapo ndipo ninapowapa alama za juu. Sehemu kubwa ya kazi yao haionekani kwa macho: mifereji ya maji machafu na ya mvua, nyaya za taa, uimarishaji wa ukuta wa bahari. Juu yake wakatengeneza njia, majani na sehemu ya watoto kuchezea, kisha wachuuzi wakapewa mahali pao. Jioni ya pili niliketi kwenye ukuta nikiwatazama vijana wakijitupa baharini kwa mbwembwe huku umati ukiwashangilia. Ikiwa kuna urithi mahali hapa, nadhani na huo umo, ijapokuwa hauna jiwe la kuupigia plasta.

Chakula ni kizuri kwa jumla. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi haina mpinzani, na urojo nilioula jioni ya kwanza ulikuwa na ukali wa embe unaostahili. Hata hivyo, mchomaji mmoja alinitajia bei ya pweza baada ya kumaliza kula, na bei hiyo haikuwa ya mwenyeji. Uliza kabla hujanyoosha mkono, na uombe chakula kipashwe moto tena, maana vilivyopangwa mezani huenda vimekaa tangu alasiri.

Kasoro ninayoiona katika mkabala wenyewe ni kwamba mimea imepewa kazi ya kutandaza kivuli tu. Mpenzi wa mimea atashiba chakula, lakini bustani ataitamani. Kisiwa kilichojulikana duniani kwa karafuu, na chenye wakulima wanaojua mlangilangi, kilua na asumini kwa harufu gizani, kingeweza kupata walau kitalu kimoja kinachosema hivyo bila kumnyang'anya mchuuzi hata hatua moja. Tena Beit al-Ajaib, iliyoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, ndiyo iliyokuwa pazia la nyuma la bustani hii, na jeraha lake hubadilisha mandhari yote ukigeuka kutoka baharini.

Fika kabla ya Magharibi, zunguka kwanza mikono ikiwa mitupu, ukae upande wa ukuta wa bahari jua linapozama, kisha ndiyo uende mezani. Usiku wa Ijumaa msongamano ni mkubwa. Mwenye watoto wadogo achague siku nyingine.