PS ya Marekani, umeme wa Bongo: ununue nini, uache nini

Dada yangu anaishi Houston, na mwaka mmoja alimtumia mwanangu Wii, mashine ya gemu ya Nintendo. Ilifika salama, imefungwa ndani ya blanketi la mtoto, na pedi mbili. Plagi yake ilikuwa ya bapa mbili, kwa hiyo nilikwenda dukani nikaambiwa, "Chukua hii mzee, inageuza umeme." Ilikuwa adapta nyeupe ndogo ya plagi, nyepesi kama kiberiti. Jioni hiyo tukachomeka. Ukasikika mlio mmoja, tik, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Mtoto akabonyeza kitufe mara tatu, akaniuliza, "Baba, umeme umekatika?" Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka.

Nimeandika mwongozo huu ili usilisikie swali hilo nyumbani kwako.

Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120, Japani 100. Tanzania ni 230, Kenya na Uganda 240, Kongo 220, na kwa mashine ya gemu tofauti kati ya hizi zetu haina uzito. Ile adapta nyeupe kazi yake ni kubadilisha umbo la plagi tu. Umeme unaoingia upande mmoja ndio huohuo unaotoka upande wa pili, haupungui hata volti moja. Ndani ya pawa saplai (kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani uwe wa kufaa mashine) iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani pekee mara nyingi kuna kapasita kubwa, kifaa cha kuhifadhi umeme, ya volti 200. Kwa umeme wa 120 inapokea kilele cha volti kama 170, ikakaa vizuri. Ukiipa 230 yetu, kilele kinafika 325, na hapo fyuzi inakatika au kapasita inapasuka. Pawa saplai ya kimataifa huwekewa kapasita ya volti 400 au zaidi, ndiyo maana haijali uko Houston au Tabata.

Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi, soma kibandiko. Kwenye mashine kiko chini au nyuma, na kama pawa saplai iko nje, lile tofali jeusi au la kijivu, basi kiko juu ya tofali lenyewe. Tafuta neno INPUT, yaani umeme unaoingia. Likifuatiwa na 100–240V, 50/60Hz, umepona. Ukiona 120V peke yake, au 100–127V, mashine hiyo haitakiwi kugusa ukuta wako. Na kama bado iko kwa ndugu huko ng'ambo, mwombe apige picha ya kibandiko kabla hajalipa. Picha moja ya WhatsApp inaokoa pesa nyingi kuliko ushauri wowote wa dukani.

Sasa tupange cha kununua, kuanzia bora.

Namba 1: waya wa ukutani peke yake

Hili ndilo jibu la watu wengi, na ndilo wanaloambiwa kwa nadra, kwa sababu halimwingizii muuzaji faida kubwa. PS4 zote, PS5, Xbox One S, Xbox One X na Xbox Series zina pawa saplai ya ndani inayokubali 100 hadi 240. Nintendo Switch ina chaja ya nje, nayo imeandikwa 100–240V. Mashine hizi hazihitaji transfoma ya kushusha umeme. Nimeona kijana ameweka transfoma ya kilo kadhaa chini ya PS4, inanguruma na kutoa joto usiku kucha, wakati mashine yenyewe ingekunywa umeme wa ukutani bila tatizo.

Unachobadilisha ni waya. PS5, PS4 ya kawaida na Slim, pamoja na Xbox nilizotaja, zinatumia ule waya wa redio, wenye kichwa mfano wa namba 8. PS4 Pro za mwanzo zinatumia waya mnene wa kompyuta wa matundu matatu. Zote unazipata duka lolote la vifaa vya umeme. Chagua wenye plagi ya miguu mitatu iliyoumbwa kiwandani, na fyuzi ndani. Kwa waya wa namba 8 fyuzi ya ampea 3 inatosha kabisa, maana PS5 ikiwa katikati ya mchezo mzito inavuta kama wati 200, ambazo kwenye umeme wetu hazifiki hata ampea moja. Burundi na Rwanda, ambako soketi ni za miguu ya duara, tafuta waya huohuo wenye plagi ya duara.

Unaweza kutumia waya wa Marekani juu ya adapta ya plagi? Mashine itawaka. Lakini waya ule mara nyingi umeandikwa 125V, na adapta za bei rahisi hulegea, zikaanza kutoa cheche. Kwa jinsi waya mpya ulivyo rahisi, mimi sioni sababu.

Namba 2: pawa saplai ya nje ya 220–240V

Hapa ndipo Wii yetu ilipoponea. Kilichoungua ni tofali, mashine ilikuwa haijaguswa. Kwa mashine yoyote yenye pawa saplai ya nje, usihangaike kushusha umeme: nunua tofali la upande wetu wa dunia. La Wii la Marekani ni RVL-002 na limeandikwa USA, nawe unatafuta RVL-002 lenye alama ya EUR au UKV. Linatoa volti 12, ampea 3.7. Tofali la Wii U ni la volti 15, ampea 5, kwa hiyo usikubali kuambiwa "zote za Wii ni moja."

Xbox 360 ndiyo inayotesa wengi. Tofali lake la Marekani limeandikwa 100–127V, na vizazi vya mashine hiyo havifanani: za kwanza kabisa zilikuja na tofali la wati 203, zilizofuata 175, kisha 150, halafu Slim na E zikawa na vichwa vya aina nyingine. Nenda dukani na tofali lako la zamani mkononi. Linganisha umbo la kichwa, soma OUTPUT (umeme unaotoka), hakikisha volti ni zilezile na ampea hazipungui. Kisha mwambie muuzaji alichomeke mbele yako na taa iwake. Matofali ya mitumba kutoka Uingereza na Dubai yanafaa sana, kwa kuwa umeme wa kule ni kama wetu na hata plagi ni hiihii ya miguu mitatu.

Nintendo 3DS, 2DS na DSi za Marekani zina chaja ya 120V pekee. Hizo zina njia rahisi zaidi: waya wa USB wenye kichwa cha 3DS, unachomeka kwenye chaja ya simu.

Namba 3: transfoma ya kushusha umeme

Kuna mashine ambazo hazina ujanja mwingine. PS2 kubwa za mwanzo za Marekani zina pawa saplai ndani, ya 120V. PS2 Slim za mwisho, SCPH-90001, nazo pawa saplai imerudishwa ndani, tofauti na Slim za kwanza zenye adapta ya nje. Hapa transfoma ya 230 kwenda 110 ni kifaa cha heshima. Masafa ya umeme yatabaki 50Hz, na hilo halina neno, pawa saplai ya gemu inageuza umeme kuwa DC, kama wa betri, kabla ya kitu kingine chochote.

Angalia wati, na usiamini sana namba ya kwenye boksi. Nunua mara mbili ya unachohitaji. Kwa PS2 au Wii, transfoma ya wati 200 inatosha na kubaki. Kwa Xbox 360 ya zamani usishuke chini ya 500. Inyanyue pia: shaba na chuma vina uzito, na transfoma "ya wati 500" unayoweza kuibeba kwa vidole viwili haina wati 500 ndani. Nyingi zina swichi nyuma ya kuchagua 110 au 220. Swichi hiyo ni hatari nyumbani kwenye watoto, kwani ikiwekwa 110 halafu ukachomeka kwenye ukuta wetu, upande wa pili unatoka umeme mara mbili ya uliokusudia, kama fyuzi haikuwahi kukatika. Ibandike selotepu siku ileile. Na ukimaliza kucheza zima ukutani, la sivyo inakunywa LUKU hata gemu ikiwa imelala.

Namba 4: fundi abadilishe pawa saplai ya ndani

Inawezekana kwa fundi anayejua kazi na akiwa na pawa saplai halisi ya modeli hiyohiyo ya 220–240V. Ninaiweka chini kwa sababu mafundi wengine hubandika pawa saplai ya kitu kingine kabisa, ikawaka leo na kuua mashine mwezi ujao. Mwombe akuonyeshe kibandiko chake kabla hajafunga kifuniko.

Usinunue kabisa: konveta nyepesi ya safari

Ni ile ndogo yenye maandishi ya kuvutia kama wati 1600. Imetengenezwa kwa pasi na mashine za kukaushia nywele, vitu vinavyotoa joto tu. Haishushi umeme kwa sumaku kama transfoma, inakatakata mawimbi yake. Pasi haijali. Mashine ya gemu itaungua, na huna wa kumlalamikia.

Kwenye mzigo kutoka Marekani mara nyingi kuna ekstensheni yenye kinga ya umeme mkubwa. Ndugu anaiweka kwa nia njema. Kinga yake imepangwa kwa umeme wa 120, kwa hiyo ukiichomeka ukutani kwetu inauona umeme wa kawaida kama radi, inaungua na inaweza kushika moto. Itoe kwenye mzigo.

Stabilaiza nayo si transfoma. Inachukua umeme uliopungua au kuzidi na kuurudisha karibu na 230, jambo jema kwa PS5 mtaani ambako taa zinafifia kila saa moja usiku. Kama huna pesa yake, TV gadi inayochelewesha umeme dakika chache baada ya kurudi inasaidia sana, kwa sababu madhara mengi hutokea umeme unaporudi.

Ukishamaliza suala la umeme, kumbuka skrini. PS2 na Wii za Marekani zinatoa picha ya NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, na TV ya chogo ya zamani inaweza kuionyesha bila rangi, lakini TV bapa nyingi hazina shida nayo. Diski za Wii zinafuata eneo: ya Marekani haichezi diski ya Ulaya. Diski za gemu za PS4 na PS5 hazina kifungo hicho, ila filamu za DVD na Blu-ray zinacho.

Tofali la Wii yetu nililipata kwa muuza mitumba, limeandikwa UKV, waya umefungwa mpira mwekundu. Nilisoma INPUT mara mbili nikiwa nimesimama juani, 220 hadi 240, ndipo nikalipa. Usiku ule taa ya kijani iliwaka.