Sweet Home 3D: tulivyoitengeneza nyumba ya mama kwenye skrini kabla ya kugusa jiwe

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, si mbali na soko la Darajani. Kuta ni za mawe na chokaa, unene nusu mita, na vyumba ni virefu vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Masika iliyopita ukuta wa nyuma, ule wa magharibi, ulilowa mpaka lipu ikaanza kudondoka vipande. Ilikuwa lipu ya saruji, aliyotupigia fundi mmoja miaka ya nyuma. Ukuta wa chokaa unataka kupumua. Saruji ikauziba, unyevu ukabaki ndani kwa ndani. Na tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba kubwa la kale la hapa Mji Mkongwe, ilipoporomoka Disemba 2020, mama akisikia kijiwe tu kimeanguka usiku huamka akawasha taa.

Ami yangu shauri lake lilikuwa moja: ukuta wa kati ubomolewe, vyumba viwili viwe ukumbi mmoja, ukuta wa nyuma ujengwe upya kwa matofali na dirisha pana la vioo, juu tumwage zege. Mama hakutaka, ila kila akieleza anaambiwa, "Shemeji, ngoja kwanza uone." Basi nikaona bora aone kweli, kabla pesa haijatoka.

Sweet Home 3D ni programu ya kuchora nyumba. Ni ya bure, aliitoa Mfaransa Emmanuel Puybaret mwaka 2006, na mpaka leo inaendelezwa. Ukishaipakua haikudai intaneti, na sisi tunaohesabu bando tunajua thamani ya hilo. Juu unachora ramani kama kwenye karatasi, chini yake nyumba inasimama papo hapo. Nilipima chumba kwa chumba, jioni tatu, mtoto wa dada yangu akinishikia ncha ya futi. Kila ukuta unauandikia unene wake. Kwa unene uliokuja na programu nyumba ilionekana kama boksi la viatu, nilipoandika sentimita 50, mama akasema, "Ehe, sasa ndiyo yetu."

Kilichonikaa moyoni hasa ni dira. Iko pembeni ya ramani, ukiibofya mara mbili unaiambia uko wapi duniani na kaskazini ya nyumba iko upande gani. Niliipa Zanzibar, nyuzi 6 kusini ya ikweta. Baada ya hapo, ukipiga picha ya chumba unachagua tarehe na saa, na jua linakaa pake: Juni saa sita mchana liko upande wa kaskazini, Disemba limehamia kusini. Nikauchora ukumbi wa ami, matofali yake na dirisha lake pana, nikaweka saa kumi alasiri. Kompyuta yangu kuukuu ilianza kuipika picha hiyo magharibi, ikamaliza watu wameshatoka kusali isha. Jua lilikuwa limetambaa sakafuni mpaka katikati ya chumba, limepanda na kitanda. Nikapiga nyingine, saa ileile, na ukuta wetu mnene na kidirisha chake: utepe mwembamba tu wa mwanga, umekomea karibu na ukuta.

Mama alivaa miwani akazitazama zote mbili, kimya. Halafu akauliza, "Mwanangu, hapo ndipo kitanda changu? Jua lote hilo nilale nalo?" Ami alikuwepo. Hakubisha.

Kuanzia hapo kipanya kilikuwa cha mama. Siku ya kwanza ananielekeza nisogeze, siku ya tatu anasogeza mwenyewe. Aliuacha ukuta wa kati, akataka mlango mmoja tu ndani yake, uelekeane na dirisha la uani ili kusi ikivuma ipite moja kwa moja. Upepo programu haiujui. Hilo alilijua yeye, kwa miaka hamsini ya kulala humo.

Na hapa naomba nisikizwe vizuri: programu hii haijui uzito pia. Itakuacha uondoe ukuta unaobeba boriti zote za ghorofani na haitasema neno. Kwa nyumba zetu za mawe, kila kilichochorwa lazima akione fundi anayeyajua mawe, na kwa Mji Mkongwe kibali hakikwepeki.

Ghala lake la samani lina makochi, vitanda, masinki. Baraza halimo, wala mlango wa nakshi. Lakini vyote vinawezekana. Baraza nililitengeneza kwa ukuta mfupi, kimo sentimita 45, nikaubandika mbele ya nyumba. Mlango wetu niliupiga picha kwa simu asubuhi, kabla jua halijaupiga, nikaivisha picha hiyo kwenye ubao wa vipimo vilevile. Ukitembea kichochoroni ndani ya skrini kwa vishale vya kibodi na kuukaribia, mnyororo uliochongwa kwenye fremu unauona. Mama aliusogelea hivyo mara mbili, akarudi nyuma, akausogelea tena.

Kama ingekuwa ya wajuzi tu ningeipa nyota nne, lakini kwa kuwa mama yangu ameiweza, naipa tano.

Tumechapisha ramani yenye vipimo vyote, fundi ameikunja mfukoni. Hakuna zege, mchanga tuliookoa ni malori kadhaa, na lipu itakuwa ya chokaa, ambayo sasa hivi imelowekwa uani. Faili la baraza na la mlango ninalo. Anayelitaka aje na flashi yake.