Beringi na ekseli za kushukia mlima: nilizotumia hapa Goma na zile ninazoshikilia mpaka leo

Bandugu, kama unanunua beringi za sketibodi ya kushukia mlima kwa kufuata namba ya ABEC (daraja la usahihi wa vipimo) iliyoandikwa kwenye pakiti, unalipia maandishi. Miye nashuka na longibodi, ile sketibodi ndefu, halafu na wenzangu tuko na luji, ile ya kulala chali miguu mbele, tuliyotengeneza na fundi hapa hapa mjini, na kwenye vyote viwili nimepitisha beringi za rahisi, za ghali, mpaka za pikipiki nimejaribu, kwa hiyo nitasema nilichokiona barabarani na sababu yake.

Barabara yetu njo inaamua kwanza. Ukitoka Kibumba unashuka kuja Goma kupitia Kibati, lami inakupa mwendo mzuri kabisa, halafu unafika vipande vyenye vumbi jeusi, maana volkano yetu Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 lava ilikata ile njia, na hapa mjini penyewe tunaishi juu ya mawe ya lava ya mlipuko wa 2002. Vumbi la lava haliko sawa na la udongo. Ni kali, linakwaruza, ukilisugua kati ya vidole unasikia kama chembe za chupa, na likishaingia ndani ya beringi linafanya kazi ya msasa mchana na usiku. Weka na mvua yetu juu yake. Kwa hiyo mtu anayeshuka California na mtu anayeshuka Kibati hawatafuti kitu kimoja, hata kama pakiti ni ileile.

Nianze na zile za rangi ya dhahabu. Nilizinunua sokoni Birere, 8 kwa dola 6, zimeandikwa ABEC 9, vifuniko vya chuma pande zote mbili. Muuzaji anaiweka moja kwenye kidole, anaipiga, inazunguka ziiii bila kusimama na watu wote dukani wanakubali hiyo njo yenyewe. Lakini ile inazunguka mkononi haina mzigo, na ndani wametia oili nyepesi kama maji, ukitia grisi ya kweli itazunguka kidogo tu isimame, na ukiipanda na kilo zako 70 njo itakutumikia vizuri zaidi. Hizo za dhahabu zilikwenda sawa wakati wa jua. Mvua ilipoanza, kifuniko cha chuma hakigusi pete ya ndani, kinaacha nafasi ndogo, maji yanapita pale na vumbi linafuata, na sauti ikabadilika kutoka ziii ikawa krrr, halafu gurudumu moja likaanza kuvuta upande. Kwa mtu aliye kwenye kona na lori linapanda mbele yake, gurudumu la kuvuta upande ni jambo la hatari sana. Sizipendekezi kwa mtu yeyote anayeshuka huku kwetu.

Na ile namba 9? ABEC ni madaraja ya Marekani ya usahihi wa vipimo: tundu, mzunguko wa nje, upana, na pete kuzunguka bila kuyumba. Kuko 1, 3, 5, 7 na 9, basi. Haisemi chuma ni cha namna gani, haisemi grisi, haisemi kifuniko, wala nafasi iliyoachwa kati ya golori na njia yake, na hivyo njo vitu vinavyoua beringi za sketi. Piga hesabu mwenyewe: gurudumu la milimita 70 mzunguko wake ni karibu sentimita 22, ukienda kilomita 60 kwa saa linazunguka mara 4,500 hivi kwa dakika. Pete Connolly, Mwingereza, aliposhuka amesimama kwa kilomita 146.73 kwa saa kule Les Éboulements, Québec, mwaka 2017, gurudumu la ukubwa huo lingezunguka kama mara 11,000. Beringi ya kawaida ya 608 (ukubwa wa beringi za sketi) yenye mpira, ya kiwanda cha maana, inaandikiwa zaidi ya 20,000 kwa dakika. Hakuna mtu Goma atakayeifikia, kwa hiyo usilipie usahihi wa mashine za kiwandani. Kinachokuzuia mlimani ni upepo na mpira wa gurudumu, njo maana kwenye mteremko uleule wa Québec, mwaka 2016, luji ilifika kilomita 164.12 kwa saa: mtu amelala, upepo unapita juu yake.

Zile ninazotumia sasa ni 608-2RS za SKF, kiwanda cha Sweden. 608 maana yake tundu milimita 8, nje 22, upana 7, na 2RS ni mpira pande zote mbili. Si beringi ya sketi peke yake, iko kwenye mota ndogo na mashine nyingi za mkono, kwa hiyo ukikosa kwenye duka la michezo nenda kwa watu wa vipuri vya mashine. Nililipa dola 3 kwa kila moja, nikaona ni nyingi, lakini zimemaliza msimu wote wa mvua na bado zinazunguka kimya. Kiwanda kinaandika moja inabeba kilonyutoni 1.37 ikiwa imesimama, sawa na kilo 140 hivi, na uko nazo 8, kwa hiyo uzito wako hauna shida, shida ni mshindo wa shimo na nguvu ya upande unapoteleza kona. Angalieni tu za bandia, SKF wenyewe wanalia nazo mpaka wakatoa programu ya simu ya kuhakikisha, unapiga picha ya beringi na pakiti unawatumia. Kule nilikonunua mara ya kwanza walinipa pakiti ya bluu nzuri kabisa lakini maandishi kwenye pete yalikuwa yanafutika kwa ukucha. Nikazirudisha, wakakataa kunirudishia pesa, wakanipa nati.

Mpira wa 2RS unatoka kwa sindano. Unaichomeka taratibu ukingoni pale mpira unapogusa pete ya ndani, unainua, kanatoka kazima, na ndani unaona golori 7 zimekaa kwenye kizimba chao kinachozitenganisha. Nilipofungua moja ya zile za zamani grisi ilikuwa imekuwa uji wa kijivu, na kwenye njia ya golori kulikuwa na mstari mmoja wa kukwaruzika, mwembamba, unaouona ukiinamisha kwenye jua. Ikifika pale hakuna oili ya kuiponesha, tupa. Kama mstari haujaonekana, osha na mafuta ya taa au esansi (petroli), kausha kabisa, tia grisi ya litiamu kujaza kama theluthi moja ya nafasi, rudisha mpira. Naona vijana wengi wanapuliza WD-40 halafu wanapanda. WD-40 inaosha grisi inaitoa nje, kisha inakauka yenyewe, na beringi inabaki uchi. Na za seramiki, bandugu, golori zake kweli hazishiki kutu, lakini pete nyingi bado ni za chuma na zinashika, kwa bei ile miye sioni sababu hapa kwetu.

Sasa kitu ambacho watu wanakidharau na miye naona njo kikubwa kuliko jina la beringi: spesa, kale kabomba kadogo kanakokaa kati ya beringi mbili ndani ya gurudumu, na zile washa (pete bapa) ndogo za pembeni. Bila spesa, ukikaza nati unazisukuma pete za ndani zikaribiane wakati za nje zimekaa kwenye plastiki ya gurudumu, golori zinabanwa upande, na ukiteleza kona unazimaliza haraka sana. Magurudumu mengi ya kushukia yanataka spesa ya milimita 10, lakini pima yako. Jaribio ni rahisi: kaza nati mpaka mwisho. Gurudumu likizunguka bure na halichezi, spesa ni sawasawa. Likikwama, spesa ni fupi. Likicheza huku na huku hata umekaza, spesa ni ndefu au beringi haijaingia mpaka chini. Zangu za kwanza fundi alizikata kwenye bomba kwa msumeno, hazikulingana, nikazipeleka kwa fundi wa kukereza akazisawazisha zote kwa mashine, na bodi ikatulia kuliko nilivyowahi kuisikia, bila kubadilisha beringi hata moja. Kuko pia beringi zinazokuja na nusu ya spesa na washa vimeungana na pete ya ndani, kampuni ya Zealous wanajulikana kwa hizo. Ukizipata kwa mtu anayetoka Ulaya chukua, zinaondoa kazi yote hii.

Ekseli. Hapa nilijifunza kwa mzee mmoja fundi wa chukudu, ile skuta kubwa ya mbao ya kubebea mizigo, upande wa Ndosho hapa Goma, maana watu wa chukudu wanashusha magunia ya viazi na makaa kutoka Kibumba tangu zamani na wanajua chuma kinavyoteswa. Nilimfikia nikitafuta beringi, akaniambia, "Kijana yangu, usiniulize beringi, nionyeshe kwanza chuma chako." Akachukua ekseli akaiviringisha juu ya kioo cha dirisha, polepole, jicho likiwa chini usawa wa kioo, na pale mwanga ulipopita chini ya chuma akaniwekea alama ya chaki. Ilikuwa imepinda kidogo sana, kwa macho tu huioni, lakini hiyo njo ilikuwa inakula beringi za upande wa kulia. Nikamwambia asante sana mzee, na tangu siku hiyo kila ekseli inapita kwenye kioo.

Kwa longibodi, ekseli ya milimita 8 ya traki nzuri (kile chuma cha chini ya bodi kinachoshika ekseli) inatosha. Kwa luji tulitaka zaidi, mtu amelala karibu na lami na hana mahali pa kurukia. Nondo msitumie kabisa, haiko duara sawasawa na inapinda. Fundi alikereza chuma kilichotoka kwenye ekseli ya gari chakavu, milimita 10 ndani ya traki, halafu kinashuka kuwa 8 pale gurudumu linapokaa, ili 608 ziingie. Tofauti ya 8 na 10 inaonekana ndogo lakini ugumu wa kupinda unapanda karibu mara mbili na nusu. Pale kinaposhuka kutoka 10 kuja 8 mwambie fundi asikate kona kali, aache mviringo kidogo, kwa sababu ufa unaanzia kwenye kona kali, na asichomee karibu na hapo, joto linaharibu chuma. Tulifikiria pia 12 yenye beringi ya 6001, ambayo nje yake ni 28, lakini gurudumu la sketi lina tundu la 22 na kulitanua kunaua plastiki ya katikati, tukaacha.

Na nati, mkiagiza traki kutoka nje agizeni nati za ziada papo hapo. Traki nyingi ziko na uzi wa 5/16-24 wa inchi, na nati zinazouzwa hapa ni M8, uzi wa milimita, zinaingia mizunguko miwili hivi halafu zinagoma, na mtu akilazimisha na spana uzi wa ekseli unakwenda. Nati yenye nailoni ndani ikianza kuzunguka kwa vidole tu, badilisha kabla hujapanda Kibumba.